Vidonge Vitatu vya Dafroza

Watu husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Kule kijijini Keza, mwaka wa sabini na nane, aliyeumbuka alikuwa mficha dawa.

Kila alfajiri Jovina alishuka kisimani, akapanda na ndoo kichwani, akafagia uwanja, kisha akaenda kumngoja rafiki yake Dafroza mwisho wa migomba. Wote wawili walikuwa darasa la tano, na jembe lao lilikuwa moja. Kabla ya masomo wanafunzi walilima shamba la kijiji: mmoja alilima tuta zima huku mwenzake akipumzika, kisha wakapokezana. Kikombe chao cha uji kilikuwa kimoja pia. Wenzao waliwatania kwamba hata kikohozi chao ni cha ujamaa.

Lakini mwaka ule Dafroza alianza kulirudisha jembe kabla tuta halijafika nusu. Viganja vyake vilipauka, uso ukavimba, na akipanda mlima alihema kama mzee. Ilikuwa safura, maradhi ya minyoo inayonyonya damu. Jovina alikuwa nayo pia, ingawa yake ilikuwa bado changa.

Mwezi wa Septemba alifika Muuguzi Clotilda na utafiti. Mkutanoni alieleza kwamba ipo dawa ya zamani ya minyoo ya safura, na ipo mpya, na madaktari wanataka kujua ipi inaponya vizuri zaidi. Mtoto ambaye mzazi wake amekubali angepimwa choo, watoto wakacheka, na angetolewa tone la damu kidoleni. Kisha angeokota karatasi kikapuni, na karatasi hiyo ndiyo ingeamua apate dawa gani. Angepewa vidonge sita, ameze kimoja kila asubuhi na kutia alama kwenye kadi. Baada ya majuma manne angepimwa tena. Asiyetaka, alisema, halazimishwi.

Nyirabahizi, bibi yake Dafroza, aliposikia habari ya damu alisimama. Alikuwa amevuka mpaka kutoka Rwanda na mtoto mgongoni, na tangu siku hiyo hakuwahi kumpa mtu mwenye daftari kitu asichojua kinakwenda wapi. Na hadithi za mumiani wanaonyonya watu damu zilikuwa zikisimuliwa kila kilabu cha pombe. Akasema hataki. Muuguzi akaandika, akapita kwa mwingine.

Hakuna aliyesema neno moja zaidi: kwamba anayekataa utafiti bado hutibiwa zahanati kwa dawa ya kawaida. Kijiji kizima kikaondoka kikiamini kwamba pasipo damu, hakuna dawa.

Jovina aliokota karatasi ya dawa mpya. Asubuhi iliyofuata, mwisho wa migomba, alikifungua kibahasha chake na kumpa Dafroza kidonge cha kwanza.

"Leo wewe, kesho mimi," alisema. "Kama jembe."

"Na kadi?"

"Kadi haina macho."

Vikaisha hivyo, vitatu kwa vitatu, na Jovina akatia alama sita zilizonyooka vizuri. Kila Dafroza alipolalamika kwamba bado anachoka, Jovina alimwambia asubiri, dawa nzuri haina haraka. Dafroza akasubiri. Na kwa kuwa aliamini anapona, hakumlilia bibi yake, na bibi hakumpeleka popote.

Siku ya kupimwa mara ya pili ilipofika, Muuguzi Clotilda aliitazama kadi ya Jovina, akatazama majibu ya choo, akairudia kadi. Alama zilikuwa sita, na minyoo ilikuwa palepale. Alimwambia msaidizi wake kwamba kwa mtoto huyu dawa mpya imeshindwa, kisha akanyanyua kalamu aandike hivyo.

Jovina alikuwa bado anajiuliza aseme au anyamaze, watu wakaingia wamembeba Dafroza kwa machela. Alikuwa ameanguka shambani na jembe lao mkononi. Muuguzi akamfunua jicho, akaona weupe mtupu, akauliza ametumia dawa gani. Dafroza akanong'ona kwamba hajatumia kitu. Alikuwa amemwahidi Jovina kutosema.

Hapo Jovina hakuweza tena. "Mama Muuguzi, kadi yangu ni ya uongo. Vitatu nilimeza mimi. Vitatu nilimpa yeye."

Kalamu ikawekwa mezani.

Dafroza alipelekwa hospitali kwa gari la utafiti, akaongezwa damu, akapewa dozi kamili ya dawa ya zamani. Alikaa huko majuma matano. Alirudi akitembea mwenyewe, lakini mtihani wa darasa la tano ulikuwa umempita, na mwaka uliofuata Jovina angekaa dawati la darasa la sita peke yake. Muuguzi alikuwa ameahidi kuanza upya na wale ambao kadi zao zina dosari. Vita vikamkatiza. Redio ilitangaza kwamba adui ameingia Kagera, gari likachukuliwa na jeshi, na Clotilda akaitwa kuuguza majeruhi. Namba ya Jovina ilibaki daftarini imekatwa kwa mstari.

Siku ya kuaga, Muuguzi aliwakusanya wasichana hao wawili na Nyirabahizi ofisini kwa Ndassa, mwenyekiti wa kijiji. Jovina aliomba radhi kwa sauti ndogo, macho yakiwa sakafuni.

"Kosa lako si kumhurumia mwenzako," Muuguzi alimwambia. "Kosa lako ni kuandika uongo. Jembe likigawanywa kwa zamu hubaki jembe. Dawa ikigawanywa haimponyi yeyote. Na kadi ile ni ushahidi, Jovina. Ningeiamini, huenda ningeiita dawa nzuri mbaya, na watoto tusiowajua wangeikosa. Ungeniuliza, ningekuambia Dafroza ana dawa yake zahanati. Hilo nilipaswa kulisema mkutanoni, sikulisema. Nami naomba radhi."

Ndassa akamgeukia Nyirabahizi. Alisema kwamba mambo yote haya yameanzia kwenye ukaidi wake, kwamba amekitia kijiji aibu mbele ya madaktari, na kwamba sasa ni zamu yake kuomba radhi.

Bibi akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Niliulizwa," alisema. "Anayeuliza awe tayari kuambiwa hapana. Mngeniambia mjukuu wangu atatibiwa hata nikikataa, ningemleta siku ileile. Jovina amedanganya, ameomba radhi. Muuguzi alinyamaza, ameomba radhi. Mimi nilijibu nilichoulizwa, Ndugu Mwenyekiti. Siombi radhi."