Tairi la Bwana Harusi

Kila asubuhi fundi cherehani alisimama mlangoni kuwatazama mumewe na binti yao wakiondoka kwa pikipiki. Mume alikuwa akibeba abiria, na abiria wake wa kwanza kila siku alikuwa huyo binti wa miaka tisa. Nyumbani walimwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliongea akila, aliongea akivaa viatu, na hata pikipiki ikishaondoka mama yake aliendelea kumsikia. Walipoanza kuupanda mteremko mkali wa njia ya shuleni, sauti ilipotea. Hapo mama alirudi kwenye cherehani yake. Aliuogopa mteremko ule.

Siku moja mume alirudi mchana, amebeba begani gurudumu la nyuma la pikipiki. Tairi lake lilikuwa jipya, na ubavuni lilikuwa na doa la rangi nyeupe.

"Umenunua?" mke aliuliza kwa furaha.

"Ninunue na nini? Huyu anaitwa Bwana Harusi," mume alisema akicheka. "Anapendeza siku moja tu. Kesho naenda kwenye ukaguzi wa mwaka. Namfunga leo, napita kesho, halafu namrudisha kijiweni. Tunamtumia wote sita. Pikipiki zetu si za aina moja?"

"Na lile la zamani?"

"Nitalirudisha palepale. Kwani limekufa?"

Alitoa mfukoni balbu ndogo iliyofungwa kwenye karatasi. Nayo ilikuwa ya kuazima. Balbu yake ya taa ya breki ilikuwa imeungua zamani.

Kesho yake alipita ukaguzi bila shida. Cheti alikitundika ukutani, karibu na kioo, ili kila anayeingia akione. Bwana Harusi na balbu vilirudi kijiweni kumsubiri mwingine.

Asubuhi iliyofuata, mume alipokuwa ndani akinywa chai, mke aliinama akapitisha kiganja kwenye tairi la zamani. Mitaro yote ilikuwa imekwisha. Katikati palikuwa laini kama kisigino, na mahali pawili nyuzi zilichungulia. Hakujua mambo ya pikipiki, lakini nyuzi alizijua vizuri.

"Baba Kasuku, nyuzi zimetoka," alisema. "Kitambaa kikifika hapa mimi sikitii hata kiraka. Namwambia mwenyewe akakifanye tambara."

"Hili ni tairi, si gauni," mume alijibu. "Soma pale ukutani. Pikipiki ni nzima mpaka mwaka ujao."

"Mkaguzi hakuliona tairi hili."

Mume alimpakia Kasuku, akawasha pikipiki. Mke aliwaacha waende. Aliogopa ugomvi, na aliogopa zaidi siri ikitoka. Mume akisimamishwa kazi, watakula nini? Lakini tangu siku hiyo, kila wingu likitanda, miguu yake iliganda kwenye pedali ya cherehani.

Wiki hiyo mkaguzi mwenyewe alikuja kushonesha. Alikuwa mama mmoja mpole, anakaa mtaa wa pili. Suruali yake ya kazi ilikuwa imempwaya. Alisimama juu ya kibao, na fundi akapiga magoti akimbana kwa pini. Kisha fundi akajikaza kuuliza.

"Dada, pikipiki ikipita ukaguzi, ndiyo imepona kwa mwaka mzima?"

"Wengi wanadhani hivyo," mkaguzi alisema. "Mimi naiona dakika ishirini tu. Ikitoka getini siijui tena. Inachakaa kila siku, kama suruali hii."

"Na zile mnazozikataa, huwa zina nini?"

"Mambo madogomadogo. Taa ndiyo nyingi. Ya breki iko nyuma, kwa hiyo inaungua na mwenyewe hana habari. Anapunguza mwendo, gari la nyuma yake halijui. Halafu breki zimelika, unabana mpaka mwisho ndipo zinashika. Mnyororo umelegea. Na tairi zenye kipara, hizo ndizo zinazonitisha."

"Kwa nini?"

"Ile mitaro ndiyo njia ya maji. Ikiisha, maji yanakaa katikati ya tairi na barabara. Siku ya jua unaweza usione tofauti. Siku ya mvua, pikipiki inateleza kama imekanyaga sabuni."

Matone ya kwanza yaligonga bati wakati huohuo. Fundi alitazama saa ya ukutani. Kasuku alikuwa ametoka shuleni dakika tano zilizopita, na baba yake ndiye aliyemfuata kwa pikipiki. Pini ilimchoma mkaguzi mguuni.

"Vipi, fundi? Mbona unanichoma?"

Fundi alitaka kusema si kitu. Badala yake maneno yalimtoka yote: gurudumu lenye doa jeupe, balbu, kijiwe, nyuzi. Alipiga simu ya mumewe. Iliita mpaka ikakata. Alipiga tena. Hakusubiri ikate, alitoka mbio kwenye mvua, na mkaguzi akamfuata na suruali yake yenye pini.

Mvua ilikuwa imeshakuwa kubwa. Fundi alikimbia akisikiliza. Alitaka kusikia sauti moja tu, ile inayoongea bila kupumzika. Alisikia maji peke yake.

Katikati ya mteremko lori lilikuwa limesimama mshazari. Pikipiki ililala mtaroni. Mumewe alikuwa amekaa chini, amemkumbatia Kasuku, na Kasuku hakuwa akisema neno. Gurudumu la mbele la lori lilikuwa juu ya mkoba wa shule.

Dereva wa lori alisimama pembeni, mikono kichwani. "Sikuona taa," alirudia. "Alikuwa anapunguza mwendo, mimi sikuona taa. Nilidhani anaendelea. Halafu nikamwona anateleza."

Fundi alimshika mtoto kichwa, akamshika mabega, akamshika miguu. Kiwiko kilikuwa kimechubuka. Damu ilikuwa kidogo. Mtoto alimkodolea macho tu.

"Mama," Kasuku alisema mwishowe, "daftari langu la hesabu limo mle."

Mama alikaa palepale kwenye maji akalia.

Mume aliinua uso, akamwona mkaguzi. "Nilikudanganya," alisema.

"Mimi hukuniumiza," mkaguzi alimjibu taratibu. "Sikuwa nimepanda mimi."

Jioni hiyo mkaguzi alikitoa cheti ukutani kwa mkono wake. "Hiki si cha pikipiki yako," alisema. "Utaniletea ile unayoiendesha kweli, ndipo nitakupa chake." Kabla ya kuondoka, mkaguzi alichuchumaa na mume karibu na pikipiki. Alichomeka njiti ya kiberiti kwenye mitaro ya tairi la mbele, kumwonyesha namna ya kupima kina chake. Alimwonyesha mnyororo unavyotakiwa kucheza, si kukaza sana, si kuning'inia. Breki alimwambia zishike kabla mkono wa breki haujafika kwenye usukani.

Pikipiki ililala siku tisa. Mume alibeba mizigo sokoni mpaka akapata tairi lake, balbu yake na breki za nyuma, kisha akarudi kwenye ukaguzi. Mkaguzi aliizunguka mara mbili kabla ya kutia sahihi.

Kijiweni, mume aliwasimulia wenzake habari ya mkoba chini ya lori. Hakuna aliyecheka. Mmoja wao, Kigoda, ndiye aliyekuwa amelinunua tairi la doa jeupe. Alilifunga kwenye pikipiki yake akakataa kuliazimisha tena. "Bwana Harusi kaoa," aliwaambia. "Tafuteni wenu." Wakatafuta, mmoja baada ya mwingine.

Sasa kila asubuhi, kabla ya kupanda, Kasuku husimama nyuma ya pikipiki na mkoba wake mpya. Baba hukanyaga breki.

"Imewaka, baba. Achia. Imezima. Kanyaga tena. Baba, kwa nini taa ya breki ni nyekundu? Kwa nini si ya kijani?"

Baba hupitisha kidole kwenye tairi, hubana breki ya mkono, hutazama mnyororo. Dakika tatu zinatosha.

Juzi mvua ilinyesha saa ya kutoka shule. Fundi aliisikia juu ya bati. Hofu ile haijamwisha, pengine haitamwisha. Alitazama saa. Alisikiliza. Lakini miguu yake haikuganda, iliendelea kukanyaga pedali polepole, mpaka ilipofika nyumbani, kwa mbali, katikati ya mvua, ile sauti isiyojua kupumzika.