Aliyeingia kwa Jina la Injinia

Jambo la kwanza lilikuwa dogo mno, hata Injinia akalicheka. Alirudi kazini alasiri akakuta mnara wa simu uliozimika tangu asubuhi umeshawashwa, na kwenye skrini imeandikwa kwamba aliyeuwasha ni yeye. Akamshukuru Mpole, jirani yake wa meza. Mpole akamwambia hakugusa kitu; alishinda mkutanini, ndiyo kwanza anakaa.

Injinia alikuwa mkuu wa chumba kinachosimamia minara yote ya kampuni ya simu: chumba baridi, kisicho na dirisha, kinachonguruma kwa mashine mchana na usiku. Kila mfanyakazi alikuwa na jina lake na neno lake la siri. Lakini mfumo ule haukuwa na mwiko. Jina moja liliweza kuingia kompyuta hii na ile kwa wakati mmoja, likawa ndani mara mbili, mara tatu, bila kuulizwa. Kwa hiyo Injinia alikuwa amempa Mpole neno lake la siri, ili akitoka jina lake lionekane linachapa kazi.

Alimwambia Mpole kwamba anakwenda kumuuguza mama yake, aliyepigwa na kiharusi. Kwa mkewe alisema yuko kazini. Kumbe alikuwa nyuma ya mahali pa kuoshea magari, akicheza drafti na watu wasiomjua. Alimwogopa mama yake. Aliogopa ule mdomo uliopinda, harufu ya shuka, na ile mikono iliyomlea ambayo sasa ilitaka kulelewa. Mzigo wote akamtupia mkewe, naye akajitia hamnazo.

Aliyeshtuka mapema ni Kufuli, mwanamke aliyelinda usalama wa mfumo. Alieleza kwenye kikao kwamba jina la Injinia linaingia kutoka mahali pasipo na kompyuta yao yoyote, tena wakati yeye mwenyewe yumo ndani. Akataka sheria mpya: jina moja, mlango mmoja. Injinia akapinga. Akadai siku ya dharura watahitaji milango mingi, akazungumza kwa ukali, na kwa kuwa ndiye mkubwa, hoja ikafa. Kufuli alimtazama tu. Injinia ndiye aliyeshusha macho.

Jioni hiyo mkewe alimpokea kwa uso mkunjufu ambao hakuwa ameuona siku nyingi. Akamshukuru kwa ya mchana. Injinia alipouliza ya mchana yapi, mkewe akacheka, akidhani anajishusha: si alikuja jua la utosi, akachota maji, akamwosha mama miguu, akamkata kucha, akarudi kazini bila hata kunywa maji? Mama alikuwa akitabasamu kwa nusu ya uso. Chumbani mlinuka waya ulioungua.

Injinia angekana, angeulizwa alikuwa wapi. Basi akapokea shukrani isiyo yake, akala, akalala. Kesho yake jambo likawa lile lile, na kesho kutwa pia, naye akazidi kukaa kwenye drafti, maana nyumbani palikuwa na mtoto mwema na kazini palikuwa na mkuu hodari, na wote wawili walikuwa yeye.

Hata mkewe akaanza kuogopa. Alimweleza kwa kunong'ona, kama anayemsengenya mtu aliye chumba cha pili. Alisema mumewe akiwa anamwosha mama, maji hayasikiki kwenye beseni. Akisalimiwa haitikii. Na mama alikuwa anakonda, chakula hataki, anasema ameshalishwa.

"Unamlisha nini?" mkewe akauliza. "Leo ameniambia unamhamisha Ijumaa. Unampeleka wapi, baba watoto?"

Alhamisi mchana Injinia alikwenda nyumbani kwa kunyatia, akapita uani, akasogea kwenye dirisha la chumba cha mama, na ile harufu ya waya ikampokea kabla hajaona kitu, kisha akaona mgongo, shati lake mwenyewe la buluu, kisogo chake mwenyewe, mtu aliyepiga magoti akiukanda mguu wa mama taratibu, kwa upendo, akiimba ule wimbo wa kubembelezea ambao Injinia alikuwa ameusahau tangu utoto, huku maji yakimiminika bila sauti, na simu mfukoni mwa Injinia ikatikisika kumwarifu kwamba jina lake limeingia kwenye mfumo, na kile kisogo kikageuka polepole hadi uso ukaonekana, nao ulikuwa uso wake, kila kitu chake, isipokuwa haukuwa na aibu.

Alikimbia. Alimwacha mama yake mle ndani akakimbia, na hilo ndilo lililomkata maini baadaye kuliko uso ule.

Alikimbilia kwa mama mmoja aliyetibu watu wenye majini, katika chumba cha kupanga nyuma ya duka la fundi cherehani. Huyo hakutikisa kibuyu wala hakupandisha sauti. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Jini havunji nyumba," akamwambia. "Umeacha jina wazi, halina mtu ndani. Kaona pango, kahamia. Mimi simtoi. Mtoe wewe, kwa kinywa chako, mbele ya uliowadanganya. Halafu funga."

Ijumaa asubuhi Injinia aliwakusanya wafanyakazi wote, akampigia mkewe simu nyumbani, akaiweka mezani asikie naye. Akasema yote: drafti, uongo wa huku na wa kule, shukrani alizopokea. Mpole aliinamia sakafu.

Kufuli hakumsuta. Aliketi, akaweka sheria: kila jina liingie mara moja tu, na anayeingia upya amfungie nje aliyetangulia. Kisha akampisha kiti.

Injinia akaandika jina lake. Skrini ikajibu: *Jina hili limo ndani tayari. Aliyemo atolewe?* Kabla hajabonyeza, kengele za minara zikalia zote kwa pamoja, harufu ya waya ikajaa chumba hadi watu wakaziba pua, na kutoka kwenye kila simu ya mezani ikasikika sauti yake mwenyewe ikimsihi kwa upole asifanye hivyo, kwamba mama bado hajakaushwa miguu.

Akabonyeza.

Kimya. Kisha mkewe akasema kwenye simu, kwa sauti ya chini, "Beseni limeanguka. Hakuna mtu."

Alipofika nyumbani, mama alikuwa analia. Injinia akachota maji, akapiga magoti, akaushika ule mguu kwa mara ya kwanza tangu augue. Maji yalikuwa ya moto mno, yakalowesha shuka. Mama alimtazama kwa muda mrefu, kisha akauvuta mguu wake.

"Ahsante, bwana," akamwambia kwa ile adabu anayopewa mgeni. "Umejitahidi. Sasa naomba uniitie mwanangu."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia, wala hakumsahihisha.