Bunduki Iliyolala na Mama

SIKU YA TANO, MVUA INANYESHA

Donat alichora barabara kwa kipande cha makala ya jikoni, pale pale chini kwenye sakafu ya sima, ndani ya chumba cha nyuma cha Mama Kahindo, mutaa wa Murara. Hapa Goma. Hapa Kibumba. Hapa kona, mawe ya volkano pande mbili, gari lazima ipunguze mwendo.

"Siku ya Mungu, asubui," alisema. "Papa Mulumeoderhwa anashuka kutoka Butembo na minibisi yake. Dhahabu iko ndani ya teremosi. Batu bote banazani ni chai."

"Na mulinzi?" Guylain aliuliza. Guylain ni fundi wa magari, na njo yeye dereva wao.

"Moja tu. Ntirenganya. Ana bunduki ya kuwinda. Akiona yetu, ataweka yake chini."

"Yetu ile ya muti?" Kahindo alicheka.

Alicheka peke yake. Miaka yote waliiba na bunduki ya mbao, wameipaka siraji nyeusi ya viatu. Lakini juzi, kule Himbi, zamu mumoja muzee, mulinzi wa usiku, aliigonga na fimbo, ikakatika vipande viwili. Muzee alicheka mpaka akakaa chini. Donat angali na alama ya ile fimbo juu ya jicho. Tangu pale anaota kitu kimoja: bunduki ya kweli, ile inayojilisha yenyewe. Unavuta kidole, inatoka. Unavuta tena, inatoka.

Mulango uligongwa. Nsengimana, mwenzao wa nne, aliingia ameloa, gunia ku bega. Aliliweka chini polepole, kama mutu anayelaza mutoto.

"Umepita bariere ya maaskari namna gani?" Donat aliuliza.

"Basoda balifungua. Baliangalia. Balifanya alama ya musalaba. Moja alinipa sigara."

Akafungua gunia. Juu kulikuwa mifupa, imeshika udongo, kichwa kimefungwa kitambaa. Chini ya mifupa, ndani ya bashe, turubai ya wakimbizi, vyuma na risasi.

Kahindo alirudi nyuma mpaka ukutani. "Na huyu?"

"Ni mama."

Ile mwaka wa kolera, wakimbizi walipojaa Kibumba, askari mumoja mwenye njaa alimupa mama wa Nsengimana bunduki. Mama akamupa kitunga cha biazi. Aliona ni biashara nzuri: angeiuza, anunue bati za nyumba. Kolera ikamubeba kabla hajaiuza. Baba akaifungua vipande vipande, akailaza chini yake ndani ya kaburi. Hakuna mutu anapekua maiti.

"Nimemutoa kwa ajili yenu," Nsengimana alisema. "Sasa sikia, shefu. Kazi ikiisha, mama anazikwa vizuri. Sima, musalaba, padiri. Njo sehemu yangu. Sitaki ingine."

"Naapa," Donat alisema. Macho yake yalikuwa tayari ku vyuma.

SIKU YA SITA, YA POSHO, WATU BADO KU SOKO

Guylain alitandika kitenge, akapanga vyuma kama karbireta. Aliunga. Alifungua. Aliunga tena. Kipande kimoja kilibaki mukononi.

"Labda ni cha akiba," Donat alisema.

"Bunduki haina akiba, shefu. Hii si pikipiki."

Akafungua yote upya. Mara ya mwisho kila kitu kiliingia, na kile chuma cha pembeni kikarudi mbele: klak. Ndani ya gunia, ku kona, kitu kikajibu: tik.

Wote waligeuka ku gunia. Guylain akavuta tena. Klak. Tik.

"Mifupa inakauka," alisema. "Joto ya makala ndani ya mbabula." Lakini alisogeza kiti chake mbali na gunia.

Walienda kuijaribu nyuma ya moulin ya kusaga mahindi, fasi ambapo mashine inalia mpaka unasahau jina lako. Donat akavuta kidole. Ikatoka. Akavuta tena. Kimya. Ganda la risasi lilikuwa limenasa nusu ndani, nusu inje, kama meno ya mutu anayecheka.

"Kutu," Guylain alisema. "Na resori inayosukuma imechoka. Imelala miaka mingi."

Wakarudi. Petroli, mchanga, kitambaa, matusi. Alibadilisha resori, akasugua mpaka vidole vikatoka damu. Wakaenda tena ku moulin. Moja. Ingine. Ingine, bila kuguswa. Donat alicheka kama mutoto aliyenunuliwa viatu vya Noeli.

Nsengimana hakucheka. Kila risasi ikitoka, pua yake ilijaa harufu ya ule udongo.

Guylain alienda kutengeneza gari. "Muipake oil ya motere," alisema ku mulango. "Kidogo tu. Musisahau."

Sasa sikia kosa lilipoingia. Kahindo hakuwa na oil ya motere. Alikuwa na mawese. Na saa ile alikuwa amepiga magoti pembeni ya mbabula, anamunawisha mama. Hakuna mutu alimutuma. Alisema tu kwamba nyumbani kwao, Beni, bibi yake hakukubali mutu aende ndani ya udongo akiwa mukavu. Alipaka mawese mufupa kwa mufupa, mpaka yote ikang'aa. Nsengimana alishika sahani, machozi yanashuka bila sauti.

Ule mufupa wa mwisho ulipoisha, mafuta yalikuwa yamebaki. Kahindo akakamata bunduki na kuipaka vilevile, ndani na inje. Kandokando ya moto mawese yalitembea mepesi kama maji.

Donat akaijaribu. Kile chuma kiliteleza vizuri sana.

"Mama Kahindo," alisema, "wewe ni fundi kupita fundi."

Tik, gunia likasema.

SIKU YA MUNGU, UKUNGU UNGALI CHINI

Ku bariere, musoda kijana alifungua mulango wa gari. Kahindo alikuwa na kitenge cheusi, analia. Nsengimana alikuwa na gunia juu ya magoti.

"Munaenda kuzika wapi?"

"Kibumba. Kwetu," Nsengimana alijibu.

Musoda aliangalia ndani ya gunia, hakuweka mukono. "Ni weye mutoto wake?"

"Njo miye."

"Pole, ndugu." Akanyanyua kamba.

Kibumba kulikuwa baridi ya kukata masikio. Donat alitoa bunduki chini ya mifupa. Nsengimana akalaza gunia juu ya ukuta wa mawe, mbali kidogo na barabara, akalifunika.

"Unamupangia kitanda?" Donat alisema. "Njoo hapa."

Minibisi ilitokea ndani ya ukungu, taa manjano. Donat akasimama katikati ya barabara, akapiga moja juu. Sauti ikagonga mawe, ikarudi. Abiria walilala chini. Papa Mulumeoderhwa alishuka mikono juu, analia jina la Bikira Maria. Kahindo akamunyang'anya teremosi.

Kisha Ntirenganya akashuka upande ule mwingine. Kofia, shati nyeupe ya misa, bunduki ya kuwinda.

"Weka chini," Donat alisema.

Ntirenganya hakuweka. Donat akavuta kidole. Kimya. Akavuta kile chuma cha pembeni kwa nguvu zote. Hakikusogea. Aliangalia. Ndani mulikuwa kitu kizito, rangi ya chungwa, kimeganda kama uji wa jana.

"Kahindo. Umepaka nini?"

Kahindo aliona, akajua. Kila asubui, hapo Goma, kabla ya kupika, anaweka bidon ya mawese pembeni ya moto ili yayeyuke. Kila asubui ya maisha yake. Ila jana hakukumbuka.

Ntirenganya alipiga. Kioo cha gari lao kilipasuka, sikio la Guylain likachanika. Donat akatupa bunduki, akarukia ndani. Kahindo nyuma yake. Nsengimana alikuwa anakimbia upande mwingine, ku ukuta wa mawe.

"Mungoje! Nakamata mama!"

"Endesha," Donat alisema.

"Tulimuapia, Donat," Kahindo alisema.

"Miye njo nilimuapia. Endesha."

BARIERE, KURUDI

Musoda ule ule. Aliangalia kioo. Aliangalia sikio la Guylain.

"Mumezika?"

"Tumezika," Donat alisema.

"Haraka hivi? Ndani ya mawe ya Kibumba?" Akainama, akaangalia mikono yao. Hakuna hata kucha moja ilikuwa na udongo. "Na mutoto wake iko wapi?"

Walikuwa wametayarisha majibu ya kila kitu, isipokuwa hiyo.

Musoda akaona teremosi juu ya magoti ya Kahindo. Alinyoosha mukono, mwingine ulikuwa tayari ku bunduki yake.

"Kuko baridi, mama. Unipe chai kidogo."

KIBUMBA, JUA LIMETOKA

Nsengimana alichimba na mikono, fasi ile ile ambapo baba alichimba. Alikuwa amemulaza mama ndani aliposikia viatu nyuma yake.

Ntirenganya alisimama pale. Bunduki ya kuwinda ku bega. Ile ingine, ya Donat, ku mikono. Jua lilikuwa limeipiga, mawese yanashuka mekundu juu ya vidole vyake, juu ya shati ya misa.

"Onyesha mikono."

Nsengimana akaonyesha. Ilikuwa na rangi ile ile.

"Ni nini hii?"

"Mawese. Tulimupaka mama."

Ntirenganya aliangalia ndani ya shimo, mifupa inang'aa. Bila kuwaza akavuta kile chuma cha pembeni. Sasa kiliteleza. Klak.

Ndani ya shimo: tik.

Wote wawili walisikia. Ntirenganya alishusha bunduki polepole.

"Ilikuwa yake," Nsengimana alisema. "Aliinunua na biazi. Alitaka bati tu. Acha nimufunike, kisha unipeleke fasi unataka."

Upepo ulipita ku majani ya maharagi. Mulinzi alitoa kofia.

"Funika."

Nsengimana aliweka mawe. Hapakuwa na sima. Hapakuwa na musalaba, ila vijiti viwili alivyofunga na uzi wa gunia.

"Padiri haiko," alisema.

"Miye najua Baba Yetu tu," Ntirenganya alijibu.

Waliisema pamoja. Kisha Nsengimana akanyoosha mikono ile mekundu, ikafungwa.

Walishuka barabara, mumoja mbele, mumoja nyuma. Ile bunduki ilining'inia ku bega la Ntirenganya, imefunguka sasa, na kila alipokanyaga jiwe chuma kililia: klak. Klak.

Nsengimana alitega sikio nyuma, ku kaburi. Alitega mpaka ku kona.

Hakuna kitu kilijibu.