Mgeni Aliyeitwa S. Uweso

Kila asubuhi Mwanamkasi hufagia mbele ya darasa la sita, kisha hukagua viatu vyake kama vina vumbi. Alhamisi ile alivikagua mara tatu. Mwalimu Devota alikuwa amemchagua kumpokea mgeni langoni, kazi aliyoiomba tangu muhula uanze, na alimkabidhi hata barua ya mgeni asije akakosea. Mwishoni mwa barua palikuwa na sahihi: Mhandisi S. Uweso.

"Ndiye anayesimamia daraja jipya kwenye barabara iendayo Amani," Mwalimu alisema. "Atazungumza nasi saa nne, na saa tano ataondoka. Akifika, mlete moja kwa moja darasani."

Mwanamkasi akasimama langoni na rafiki yake Loveness, mtoto wa mtaa wa Raskazone aliyejua kila kitu, hata asivyovijua.

"Mhandisi utamjua tu," Loveness alisema. "Ana gari kubwa, miwani ya jua na kitambi."

Siku hiyo wazazi wa darasa la kwanza nao walikuwa na kikao, wakawa wanaingia mmoja mmoja. Akashuka mama mmoja kwenye bajaji, amevaa baibui, kapakata mfuko mzito.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Semeni. Nimealikwa na Mwalimu Devota."

"Wazazi wanakaa kule kwenye mabenchi," Mwanamkasi alimjibu kwa adabu, macho yake yakiwa barabarani yanatafuta gari kubwa.

Yule mama alishukuru, akaenda kukaa. Mgeni muungwana haulizi kwa nini amekalishwa pale.

Saa nne ikapita, ikafika nne na nusu. Mwalimu Devota akaja langoni.

"Injinia Uweso bado?"

"Bado, Mwalimu."

"Basi. Watu na ahadi zao! Nitawaambia wenzenu wafungue vitabu vya hesabu." Akarudi darasani amekunja uso.

Mwanamkasi aliumia. Akaisoma barua tena, akaikazia macho ile S. Yeye mwenyewe kwenye daftari lake huandika M. Massoud, na Massoud ni baba yake. Basi Uweso naye huenda ni jina la baba tu, na ile S ikawa ya mwanamke.

"Loveness, yule mama alisema anaitwa nani?"

"Semeni." Loveness akashika mdomo, kisha akanong'ona, "Wewe nyamaza. Mwalimu ameshaamini mgeni hakuja. Nani atajua?"

Kule kwenye mabenchi yule mama alikuwa ameinuka, anatazama saa na kuchukua mfuko wake. Mwanamkasi aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Akinyamaza, jina lake litabaki safi, na mtu asiye na kosa ataitwa mvunja ahadi. Akatimua mbio.

"Samahani, mama. Baba yako anaitwa nani?"

"Uweso. Mbona waniuliza?"

"Basi mhandisi ni wewe, mama. Mwalimu anasema hukuja, kumbe mimi ndiye niliyekukalisha huku. Nilikuwa natafuta mwanamume."

Semeni alicheka mpaka akaketi tena. "Hata kule darajani, wageni humsalimia fundi wangu kwanza, wakidhani ndiye mkubwa. Haya twende, dakika zilizobaki zatosha."

Darasani, Mwanamkasi alisimama mbele ya wenzake, akaeleza yote. Wengine wakacheka.

"Anayecheka anyooshe mkono kama alimtarajia mama," Mwalimu Devota alisema. Hakuna mkono ulioinuka. "Hata mimi sikuyatazama mabenchi. Barua haikusema bwana wala bibi, na Kiswahili chetu husema 'yeye' kwa wote. Gari na kitambi tumeviongeza wenyewe."

Semeni akachukua chaki, akaandika ubaoni jina zima: Semeni Uweso. "Ile S ni mazoea ya ofisini tu," alisema. "Leo nimeona kuwa inanificha. Kuanzia sasa nitaliandika lote." Kisha akatoa mfukoni kofia ngumu na mchoro wa daraja, akawaonyesha jinsi nguzo inavyosimikwa mtoni bila kusombwa na maji. Wanafunzi walimzunguka wakisahau mapumziko.

Alipoondoka, Mwalimu Devota aliuweka mkono begani kwa Mwanamkasi, akaligeukia darasa.

"Mwenzenu alikosea kama sisi sote, lakini alikiri wakati angeweza kunyamaza. Bila ukweli wake, mgeni angetupita. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Nanyi mkumbuke kwamba waundaji wengine huvaa baibui."