Bakuli la Kwihara

Jumamosi soko kuu la Tabora halina pa kuweka mguu. Inamahoro alikuwa amechuchumaa mbele ya turubai la Najiat, muuza vyombo vya zamani, amevaa gauni la kitenge cha njano na ndala zilizojaa vumbi. Alichambua mabirika yaliyokatika midomo na mabakuli yaliyopoteza vifuniko. Vyombo vizima hakuvigusa.

"Dada, hilo birika limekatika mdomo," sauti ya kiume ikasema juu yake.

"Nimeona, kaka. Ndiyo maana nalitaka."

"Sasa chai utamiminaje?"

"Nani kakwambia chai? Nataka kupanda maua."

Huyo alikuwa Wilbroad, fundi umeme, kijana mrefu aliyevaa shati la bluu lililonyooshwa pasi kuliko hata kazi yake ilivyohitaji. Akacheka. Inamahoro, ambaye hasira zake zilikuwa za karibu, akamsomesha palepale katikati ya soko. Akamweleza habari za mishubiri midogo na jamaa zake wa majani manene, kwamba maji wameyaweka akiba majanini, ukiwanywesha sana wanaoza, kwa hiyo chombo chao lazima kiwe na tundu chini. Yeye alitoboa kwa msumari na nyundo, na vingi vilipasuka.

"Msumari?" Wilbroad akasema. "Unaua vyombo vya watu. Mimi nina drili."

Jamani, kuna mapenzi yanayoanzia machoni. Haya yalianzia kwenye drili.

Wilbroad alifika Kitete, kwa shangazi Mukeshimana, alikokuwa akiishi Inamahoro tangu atoke kwao Ulyankulu kuja kushona nguo mjini. Akamfundisha kutoboa taratibu huku akidondoshea maji. Drili akaiacha hapohapo, na kila alipokuja alileta chombo kilema: kikombe kisicho na mkono, kibakuli cha sukari kilichomeguka. Baraza ikajaa.

"Mwanangu, wenzako huleta soda," shangazi alimtania.

Simu nazo hazikukauka.

"Bi Bustani, umekula?"

"Nimekula, mpenzi. Wewe je?"

"Nitakulaje na leo sijakuona?"

"Basi utakonda, mimi nitapata wa kunenepa."

Mvua zilipoanza, shangazi alikwenda Ulyankulu kumuuguza dada yake. Siku moja Wilbroad akaja na bakuli la kauri, jeupe, lenye maua ya buluu ubavuni. Ndani mlikuwa na kuku wa karanga.

"Mama amekutumia, kutoka Kwihara," akasema, macho yakiwa kwenye viatu vyake. Hata chai hakungoja.

Inamahoro alikula kuku, akaosha bakuli. Lilikuwa na ukingo wa kukalia kifuniko, ila kifuniko hakikuwapo. Akajua limeletwa kama wenzake. Akalitoboa, akatia kokoto na mchanga, akapanda mshubiri wake mzuri kuliko yote.

Siku chache baadaye simu ikalia.

"Mpenzi, vipi lile bakuli?"

"Zuri ajabu. Nimelitoboa."

"Umelitoboa," Wilbroad akasema.

"Kwa drili yako. Wala halikupasuka."

"Haya. Nimeelewa." Simu ikakatwa.

Tangu hapo Wilbroad hakupiga wala hakupokea. Inamahoro alikasirika kwanza, akaapa hampigii tena, kisha akampigia. Usingizi ukampungua. Kazini akashona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia. Alimpenda yule mtu, na hakujua amemkosea nini.

Shangazi aliporudi, alikuta mshubiri umekwisha kutoa ua jekundu. Hakulitazama ua, alitazama bakuli.

"Hili limetoka wapi?"

"Kwa mama yake Wilbroad."

"Lilikuja na chakula? Halina kifuniko?"

"Ndiyo, shangazi."

Mukeshimana akavuta kigoda, akaketi. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa Kwihara, na ukoo wa mama huyo aliujua. "Kwao, mama akipenda binti aolewe na mwanawe, humpelekea chakula kwenye bakuli lake la harusi. Kifuniko hubaki nyumbani. Binti akirudisha bakuli lina kitu, amekubali. Akilirudisha tupu, amekataa."

"Na likitobolewa?"

"Hilo hata marehemu hakuwahi kunisimulia."

Inamahoro akalia. "Kwetu mambo ya posa huja kwa kikapu, na kinachorudi ni kikapu. Bakuli ukipewa umepewa. Shangazi, mimi sikumkataa. Nampenda."

"Basi lirudishe."

"Nirudishe na nini? Mchele utamwagika, asali itaishia njiani."

"Kwani sasa hivi lina nini?" shangazi akauliza.

Inamahoro alipanda bodaboda hadi Kwihara, amevaa lile gauni la njano, bakuli mapajani. Bi Bernadeta, mama yake Wilbroad, alikuwa uani akipepeta karanga. Wilbroad alikuwa juu ya ngazi akifunga taa ya baraza. Alipomwona mgeni, bisibisi ikamponyoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Inamahoro."

"Ndiye mimi. Nimerudisha bakuli." Akamnyooshea. "Nimelitoboa, mama. Desturi yenu sikuijua. Naomba unisamehe."

Bi Bernadeta akalipokea, akaliinua, akapitisha kidole kwenye tundu. "Hili nilipewa na mama yangu. Halitashika mchuzi tena."

"Halitashika, mama."

Wilbroad akashuka. "Mama, drili ni yangu."

"Wewe nyamaza. Nilikwambia umweleze, ukaona haya."

"Nilidhani anajua." Akamgeukia Inamahoro. "Nilidhani umenikataa."

"Ningekukataa ningekwambia, Wilbroad. Mimi na kunyamaza, wapi na wapi?"

Bi Bernadeta alikuwa bado anatazama mmea. "Hiki kitu kinaishi?"

"Kinaishi, mama. Kinazaa na vitoto pembeni, hivi hapa."

Mama akavihesabu vitoto kwa ncha ya kidole. Akaliweka bakuli juu ya ukuta wa baraza, kwenye jua la asubuhi, akalisogeza kidogo, akaingia ndani. Nje Wilbroad akajikaza, akaushika mkono wa Inamahoro.

Bi Bernadeta akatoka na kifuniko cheupe chenye maua ya buluu, akikifuta kwa upindo wa khanga.

"Bakuli halikurudi tupu," akasema. "Shika. Na hiki ukikitoboa tutagombana, mkwe wangu."

Inamahoro akapiga goti, akakipokea kwa mikono miwili.