Sauti Kwenye Nta

Kabati lilikuwa wazi. Mashine ya sauti ilikuwepo mezani, tarumbeta lake la shaba limeelekea dirishani. Kilichoibwa ni sauti.

Inspekta aliinama, akachungulia, akanyanyuka kwa shida. Alikuwa mtu mnene, mwenye subira fupi na moyo laini, na hivyo viwili vilimsumbua kila siku ya kazi.

"Nieleze tena. Kimepotea nini?"

"Silinda moja ya nta," alisema mwenye nyumba, ambaye kwa kazi yake ya kupima viwanja watu walimwita Mpima. "Ina sauti ya marehemu mke wangu. Anamwimbia mtoto."

Zama hizo santuri bapa zilikuwa hazijaenea. Sauti ilichorwa kwa sindano kwenye silinda ya nta, na mtu aliweza kuimba sebuleni kwake kisha akajisikiliza papo hapo. Mke wa Mpima aliimba mara moja tu. Homa ilimchukua kabla mtoto hajaanza kutambaa.

"Silinda nyingine?"

"Zipo zote."

"Ufunguo?"

"Mmoja ninao mimi. Wa akiba uko kwenye droo ya jikoni. Yaya anajua."

"Mna ugomvi na huyo yaya?"

"Aliomba ruhusa ya kwenda kwao, nikamnyima. Na leo alfajiri ametoka na furushi."

Inspekta alinyunyiza unga wake mpya wa alama za vidole, ambao alijivunia kupita kiasi, akaambulia mafua. Mlango wa kabati ulikuwa umefutwa ukang'aa. Mwizi anayefuta alama anajua anachofanya, alijisemea, akaagiza yaya apelekwe kituoni.

"Naomba kitu kimoja," Mpima alimnong'oneza mlangoni. "Mama mkwe asijue. Anampenda yule binti kama mwanawe. Nitamwambia nimemtuma sokoni."

Inspekta hakuwa amekaa sawasawa kwenye kiti chake kituoni alipoisikia kengele ya baiskeli. Akashusha pumzi.

Aliyeingia ni dada wa mkewe. Mji ulimwita Bi Tarumbeta, kwa ajili ya tarumbeta kubwa lililoning'inia juu ya mlango wa duka lake la mashine za sauti, na pia kwa ajili ya mdomo wake. Alikataa wachumba, akafungua duka, akajifunza baiskeli akiwa na buti za kiume. Mji ulipochoka kumsema ukaanza kumpelekea vitu vyake vibovu avitengeneze.

"Shemeji, umemfungia nani tena?"

"Shemeji, hii ni kazi ya polisi."

"Mashine niliuza mimi. Mwizi wa kawaida angebeba mashine. Silinda bila mashine ni kopo tu. Nipe nafasi niongee na huyo binti."

"Wewe si askari."

"Ndiyo maana atanijibu."

Yaya alikuwa amejikunyata kwenye benchi la mahabusu, macho yamevimba.

"Furushi la alfajiri lilikuwa na nini?" aliuliza Inspekta.

"Nguo za mtoto za kufua. Ziko kwenye kamba mpaka sasa."

"Kabati umelifungua lini?"

"Sijawahi. Hata ile meza ya mashine siigusi."

"Kwa nini huigusi?" Bi Tarumbeta alidakia.

"Bibi yake mtoto hataki. Anaifuta mwenyewe kila asubuhi, kwa brashi ya poda. Taratibu, kama anamchana nywele mtoto mchanga."

Bi Tarumbeta akanyamaza, na kwa kuwa haikuwa kawaida yake, Inspekta alipata wasiwasi.

"Mama, mtoto amekula?" Yaya alimuuliza. "Bila mimi hali."

"Alasiri anafika kwa hakimu," Inspekta alisema walipotoka nje, bila kumtazama shemeji yake. "Yule hana huruma na watumishi wa ndani. Atamfunga."

"Basi tuna asubuhi hii tu. Twende."

Sebuleni kwa Mpima, Inspekta alitoa tena kopo lake la unga.

"Usinyunyize," alisema Bi Tarumbeta.

Aliinua mkono wa sindano, akapitisha kidole kwenye kona ya mashine, akamwonyesha. Kidoleni palikuwa na vumbi laini la rangi ya kahawia. Alilisugua, likashikana.

"Hili si vumbi la nyumba. Ni nta." Akamgeukia Mpima. "Ile silinda huicheza mara ngapi?"

"Kila jioni. Bila hivyo silali."

"Ukimaliza?"

"Napuliza vumbi, nafunga kabati."

"Siku za karibuni sauti ilikuwaje?"

"Imefifia kidogo. Nilidhani masikio yangu."

"Si masikio, baba. Sindano inaila nta kila inapopita. Nilikwambia siku ile mlipokuja kununua."

"Siku ile sikusikia neno," Mpima alisema polepole. "Nilikuwa namtazama yeye."

Bi Tarumbeta alikiangalia kitambaa cha meza, cheupe, hakina hata punje moja ya vumbi.

"Shemeji," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini, "twende tukamsalimie Bibi."

Mama mkwe wa Mpima alikuwa chumbani kwake akifuma soksi ya mtoto, na mtoto mwenyewe amekaa sakafuni anaburura uzi. Kwenye meza ndogo palikuwa na kopo la poda.

"Shikamoo, mama," alisema Inspekta.

"Marahaba. Karibuni. Leo nyumba ina wageni wengi. Yaya naye kaenda sokoni, harudi."

Inspekta alimtazama Mpima aliyesimama nyuma yake. Mpima akainamisha kichwa.

"Hayuko sokoni, mama. Yuko mahabusu. Kwa wizi wa silinda."

Sindano za kufumia zikasimama.

"Mtoto wa watu?" alisema. "Mkamfungia mtoto wa watu?"

Alivuta sanduku chini ya kitanda. Chini ya nguo, ndani ya skafu ya marehemu, silinda ilikuwa imelala kwenye pamba.

"Andika jina langu," alimwambia Inspekta. "Nimechukua mimi, kwa ufunguo wa jikoni. Kabati nililifuta kwa mazoea, mimi kila kitu nafuta."

"Kwa nini, mama?" Mpima aliuliza. "Ungeniambia."

"Nilikwambia, baba. Ukasema ni vumbi tu. Halafu ukalia, nami nikaona namnyang'anya mtu tonge mdomoni." Alifungua kopo la poda. Ndani mlikuwa na unga wa kahawia, umejaa hadi nusu. "Kila asubuhi nilikuwa namkusanya. Huyu hapa. Mwanangu nilishamzika, nikaona unamzika tena, kidogo kidogo, kila jioni, na huyu mdogo bado hajafikia umri wa kumsikia akamwelewa. Nilitaka abakiwe na chochote."

Mpima alikaa kitandani. Alilia kwa sauti, na Bibi akamshika kichwa kama anavyoshikwa mtoto wa kumzaa.

"Mlalamikaji unasemaje?" Inspekta aliuliza baadaye, akijifanya anatafuta kalamu.

"Mama amechukua cha kwake. Sina malalamiko. Ila nina deni la msamaha."

Alikwenda mwenyewe kituoni. Alimwomba Yaya radhi mbele ya askari wote, akampa ile ruhusa aliyomnyima. Yaya alisema ataondoka kesho, leo mtoto hajala.

Waliporudi, mtoto alikula akashiba, akapanda mapajani kwa Yaya, akanyoosha kidole kwenye mashine. "Mama," alisema. Alikuwa anataka wimbo wake wa kulalia.

Mpima alitoa ufunguo, akauweka kiganjani mwa Bibi, akaufunika kwa vidole vyake. Kisha akakohoa, akaanza kuimba.

Sauti yake ilikuwa mbovu, hata Bi Tarumbeta alikubali hivyo siku nyingine. Lakini alishika kila pumzi ya kwenye silinda. Katikati ya ubeti wa pili alikatisha, akakohoa kikohozi kidogo, akacheka kidogo kama mtu aliyeona haya, akasema, "Ngoja nianze tena." Akaanza tena.

Bibi alikuwa amefumba macho.

"Ndivyo alivyokuwa," alisema. "Hata hicho kikohozi."

Inspekta alipenga kamasi, akalaumu unga wake.