Ukungu wa Mama Rubani

Kila asubuhi kabla ya shule, msichana mmoja alimsikiliza mama yake akisoma vitabu vya urubani kwa sauti huku chai ikipoa. Mama alimwita Kishada, kama kile cha karatasi kinachorushwa kwa uzi, kwa kuwa mawazo ya mtoto huyo hayakukaa chini. Akifumba macho tu, alijiona ndani ya helikopta, mawingu yakielea chini yake kama pamba, na mama akiirusha polepole.

Mama alikuwa rubani kweli. Kampuni moja ya nchi ya mbali ilimwahidi kazi ya kubeba wagonjwa kutoka milimani. Lakini leseni ya kwao haikutosha huko. Ilimbidi afanye mitihani upya, kisha arushe helikopta mbele ya mtahini. Basi walihamia huko, wakapanga chumba karibu na uwanja wa ndege.

Mitihani ya kuandika mama aliipita. Siku ya kuruka, alirudi mapema, akavua viatu.

"Umefaulu, mama?"

"Bado. Mtahini aliniuliza kama nimezoea kuruka kwenye ukungu. Nikamwambia sijazoea, kwetu jua ni la mwaka mzima. Ameniagiza nikajifunze kwanza."

"Na kazi je?"

"Huenda akapewa mwingine."

Kishada alihisi kama ameangushwa kutoka mawinguni. "Si ungesema tu umezoea? Nani angejua?"

Mama alimwita dirishani. Ukungu ulikuwa umeumeza uwanja wote, taa zikionekana kama nyota zilizozama majini.

"Unakiona kile kilima?"

"Sikioni."

"Nami nisingekiona, nikiwa na mgonjwa nyuma yangu. Hapo mimi na yeye tungejua."

Tangu siku hiyo, Kishada alichukua kazi ya kuosha vyombo ili mama apate nafasi ya kusoma. Mama alifanya mazoezi na mwalimu, kioo cha upande wake kikiwa kimezibwa kana kwamba kuna ukungu, akiongozwa na mishale ya vipimo vilivyo mbele yake. Alikosea, akarudia, hadi mkono ukazoea. Alipoitwa tena na mtahini, alifaulu.

Jioni ile msimamizi wa kampuni alipiga simu. "Tulikuwa tunakusubiri," alisema. "Mtahini alitueleza ulivyomjibu. Rubani wa namna hiyo ndiye tunayemtaka."

Kishada alimkumbatia mama, akacheka huku akilia.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu," mama alimwambia. "Na angani, mwisho wake ni chini."